Wino wa Zambarau

Kambini, Kasulu
8 Juni 1997

Shangazi Safina,

Shikamoo. Naleta na ya Niyibizi, ingawa namsemea mimi, maana ndugu yangu huyu bado ni mtu wa neno moja: "oya". Ukimuuliza kama amelala vizuri, oya. Ukimuuliza kama yeye ni mvulana, oya. Ana miaka minne na hapana yake inamtosha kwa mambo yote. Tu wazima. Jirani yetu Carmen, anayetuangalia tangu Baba arudi ng'ambo kutazama shamba letu la Rumonge, anakusalimu sana. Habari za Baba bado hazijafika. Mvua imekatika na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Shule inaendelea. Asubuhi tunasoma kwa Kifaransa, mchana Mwalimu Pastory anatufundisha Kiswahili. Yeye ndiye aliyenisahihishia barua iliyopita. Hii hajaiona, kwa hiyo makosa ni yangu.

Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Nimepewa kazi. Baada ya vipindi nakaa na watoto wadogo chini ya turubai lililo nyuma ya kanisa, mama zao wakienda kuni. Unajua mimi sina mdomo. Nikiwa mbele ya watu sauti yangu inakimbilia tumboni. Lakini watoto hawaniogopeshi, kwa hiyo nilikubali.

Juzi nilichukua mkaa nikawachorea matunda kwenye ubao. Nikawauliza, hili ni nini? Nilikuwa nimechora chungwa. Bucumi, ambaye ana miaka mitano na hajui kunyamaza, akasema, "Mpira." Nikachora embe. "Jiwe." Nikachora nanasi, nikalitia majani yake vizuri kabisa, akasema ni kuku. Wenzake wote wakakubali kwamba ni kuku. Shangazi, wengi wao wamezaliwa hapa au wameletwa mgongoni. Wanajua ugali, maharage na uji. Nilicheka nao, halafu nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Niyibizi ndiye zaidi. Anakula uji tu, uliopoa, kwa mkono wangu. Chochote kingine anafunga meno. Muuguzi wa zahanati amesema mshale wa mizani umesimama palepale tangu Pasaka, na kwamba asipojifunza kula vitu vingine hataweza kushindana na homa ikija.

Nina ombi, na kuliandika kunanitoa jasho. Yale matunda yanayopondeka kwenye genge lako hapo soko la Mwanga, yasiyonunuliwa, waweza kumpa Martini wa lori la unga atuletee? Hata machache.

Mtoto wako,
Candide


Ujiji
29 Juni 1997

Candide mwanangu,

Marahaba, na ya mkaidi mwenzio nimeipokea. Hapa hatujambo. Mume wangu Abdulmajid mgongo unamsumbua lakini bado anabishana na kila mtu barazani, kwa hiyo ni mzima. Wifi yangu Hasna ameozesha binti, tumekula pilau hadi tumechoka. Dagaa wamejaa ziwani, mji mzima unanuka dagaa.

Matunda yaliyopondeka nawapa mbuzi. Watoto wa kaka yangu Gervasi hawali makapi, na wenzao wa chini ya turubai vilevile. Nimempa Martini kikapu. Mapapai nimechagua yaliyokomaa lakini bado yana ukijani ili yafike salama. Mawili tu yameshaiva, hayo muanze nayo. Machungwa yako chini. Nimeyafunga moja moja kwa gazeti. Martini nimemwambia asiyakalie, maana namjua.

Sasa nisikilize. Barua yangu ya mwezi wa nne ilikuwa na swali moja. Wewe umenijibu kuhusu nanasi na kuku. Nimecheka, lakini swali liko palepale. Niyibizi nimchukue? Wewe una mtihani, utamfuata ukimaliza, nyumba haina mlango wa kukuzuia. Hapa kuna samaki wabichi, matunda yamelala mlangoni. Mimi nilivuka ziwa hili nikiwa na umri wako, wakati huo nikiitwa Marcelina, na nilikuta watu wa kunipokea. Kitanda kipo. Nataka jibu.

Shangazi yako,
Safina


Kambini, Kasulu
20 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Mzee Abdulmajid pole ya mgongo. Carmen anasema apakwe mawese ya moto. Sisi wazima. Nimepata nafasi ya pili kwa Kifaransa na ya kwanza kwa Kiswahili, ninakuambia wewe tu kwa sababu hapa nikisema wataona najidai.

Kikapu kimefika. Martini hakuyakalia. Lakini mimi nimeharibu, na nataka kukueleza nilivyoharibu kabla hujasikia kwake.

Nilipanga watoto mstari. Nilikata papai vipande vidogo vilivyo sawasawa, nikachukua kijiko ili mikono yangu isichafue. Nikasimama, nikasema kwa Kirundi na kwa Kiswahili, "Hili ni papai." Waliitikia vizuri hadi nikajiona mwalimu kweli. Bucumi akaja wa kwanza. Akafumba macho, akafungua kinywa na kuinua uso juu. Nikamtilia kipande. Akameza bila kutafuna. Kisha akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akasubiri.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Wino."

Sikuelewa mpaka wa pili naye aliponyoosha kidole. Na wa tatu. Shangazi, hapa mgeni akipanga watoto mstari na kuwatia kitu kinywani, ni matone ya chanjo, na ukishapewa unapakwa wino wa zambarau kidoleni usirudie. Walidhani ndiyo hayo. Wa nyuma walianza kulia wakiuliza kama na sindano ipo. Carmen alipita na kuni zake, akazitua chini ili acheke vizuri. "Candide, umefungua zahanati? Nami nina mgongo."

Nilimwambia Bucumi, "Hii si dawa. Hukusikia utamu?"

"Nimemeza haraka."

"Basi tafuna hiki."

Akanitazama kwa huruma. "Ni dawa, mwalimu. Wewe mbona huli? Dawa ya watoto, wakubwa hawapewi."

Niyibizi alikuwa wa mwisho. Alificha mikono yote miwili nyuma, akasema lile neno lake, akaenda kukaa chini ya benchi. Vipande vilivyobaki nilimpa Carmen. Mapapai mengine hayajaiva bado. Nimeaibika, na zaidi nimekuaibisha wewe uliyeyafunga moja moja.

Swali lako nimeliona.

Candide


Ujiji
10 Agosti 1997

Mwanangu,

Umeliona. Basi macho unayo.

Nimemsomea Abdulmajid habari ya wino, amecheka hadi kofia imeanguka. Usione aibu. Ulichokiona ndicho ulichokitenda, na watoto nao vilevile. Huyo Bucumi si mjinga hata kidogo. Amekuuliza swali na wewe hukulijibu, tabia ambayo naona inakukaa. Wewe mbona huli?

Nitajibu mimi. Huli kwa sababu umelelewa kwetu. Mama yangu, bibi yako, alikuwa akigeukia ukuta hata kunywa maji, mtu asione koo lake likicheza. Nilipoolewa hapa Ujiji wakaniwekea sinia moja na mawifi wanane. Nilikaa na njaa tangu adhuhuri hadi jioni nikitafuta ukuta. Hasna ndiye aliyeketi karibu yangu. Hakuniambia kula. Alikula tu, akilamba vidole, kama vile sipo. Mwishowe mkono wangu ukaenda wenyewe.

Kwa hiyo, kijiko kitupe. Mstari uvunje. Martini analeta kikapu kingine, machungwa na mapapai mabichi. Wape watoto wacheze nayo kwanza, wayanuse, wayabebe, wayalaze. Tunda si mgeni wa serikali. Halafu keti chini ule mbele yao, na juisi ikutiririke. Najua nakuomba jambo kubwa.

Na mimi naomba dogo. Abdulmajid ameanza kufuatilia kibali cha kumtoa Niyibizi kambini. Kikitoka, Martini atakuja kumchukua Desemba. Kama una neno, liseme.

Safina


Kambini, Kasulu
28 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo nyingi, na samahani kwa ukimya. Malaria ilinipata, nimepona. Carmen amefiwa na kaka yake, tumekaa naye matangani. Niyibizi mzima. Baba bado.

Nilifanya ulivyosema, na nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo nikiyaandika uso unanichoma.

Kwanza niliwapa matunda wacheze. Machungwa yalipigwa mateke, jambo nililolitegemea kwa kuwa Bucumi alishasema ni mipira. Lakini mapapai, Shangazi, waliyabeba mgongoni. Wasichana walianza, wakayafunga kwa vitenge vya mama zao na kuyabembeleza. Niyibizi alitoka chini ya benchi, akachagua lile refu la kijani, akamletea Carmen kipande cha nguo. Carmen akamfunga. Tangu hapo hakukubali kulitua. Alilala nalo. Akaenda nalo kanisani.

Siku ya kula nilichagua machungwa. Mama wengine walikuwa wamekwishasikia habari ya zahanati yangu, wakaja kuona nitachekesha nini tena. Mwalimu Pastory naye akapita na kusimama. Nikaketi chini katikati ya watoto. Turubai letu halina ukuta. Kweli nilitafuta ukuta, nikajikuta nageuza shingo huku na huku, na kila ninakogeukia kuna macho. Nikamfikiria Bibi. Nikamfikiria na wifi yako Hasna, ambaye sijamwona maishani. Nikalimenya kwa meno, nikauma.

Juisi ilifika kwenye kiwiko. Nilitafuna nikisikia masikio yangu yanawaka. Nilikuwa sijala chungwa tangu Rumonge, Shangazi, na nilisahau kwamba lilikuwa somo. Nilifumba macho kwa sababu ya utamu, si kwa sababu ya aibu.

Nikasikia sauti ya Bucumi karibu kabisa na uso wangu. "Anatafuna."

"Amemeza?" mwenzake akauliza.

"Bado. Mwalimu, fungua tuone."

Nikafungua kinywa, mbele ya Mwalimu Pastory. Wakachungulia wote. Kisha mkono mdogo ukaja ukachukua kipande kwenye kiganja changu, na mwingine, na mwingine. Mmoja alitema akasema linauma, akarudi baadaye kuona kama bado linauma. Bucumi alikula na ganda. Hakuna aliyenyoosha kidole. Mama mmoja aliyekuja kucheka aliondoka na mbegu ndani ya khanga yake, anataka kuzipanda.

Najua kujisifu si vizuri. Lakini jioni hiyo nilitembea katikati ya njia, si pembeni.

Niyibizi hakula. Alikaa na mtoto wake mgongoni akitutazama. Siku chache baadaye papai lile liliiva kwa joto la mgongo wake, likapasuka. Akaja mbio analia, na Shangazi, akasema sentensi nzima, mbele ya watu, ya kwanza tangu tuvuke: "Mtoto wangu amekojoa!"

Carmen hakuweza kusimama kwa kicheko. Niyibizi alitia mkono mgongoni, akanusa kiganja. Akakilamba mara moja. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kosa. "Oya," akasema, lakini polepole.

Martini aliniambia kitanda kile cha kwako si kipya, na kwamba godoro lake unalitoa juani kila Ijumaa. Nilimwuliza ni cha nani. Akawasha lori.

Candide


Ujiji
2 Novemba 1997

Mwanangu Candide,

Marahaba. Pole kwa malaria, na umpe Carmen rambirambi zetu. Huku mvua za kwanza zimenyesha, ziwa limechafuka, wavuvi wanakaa barazani na Abdulmajid wanambishia. Hasna nimempa barua yako aisome mwenyewe. Amelia, halafu akakana kwamba alilia.

Martini aendeshe lori. Kitanda ni kitanda.

Kibali kimetoka. Ninakiweka kwenye kabati hadi Desemba.

Ulisema kujisifu si vizuri. Mimi si wewe, mimi najisifu. Nimeliambia soko zima. Mwuza nyanya wa jirani amechoka, ananiambia, "Mama Safina, huyo mtoto wa kaka yako tumeshamjua, tuuzie ndizi." Ulifungua kinywa mbele ya mwalimu wako. Mimi nilipokuwa na umri huo nisingeweza hata kwa fimbo.

Maembe yatafuata yakikomaa. Kwanza natuma zambarau, zimeanza mapema mwaka huu. Watoto wavue mashati, doa lake halitoki. Niyibizi mwandalie nguo zake chache.

Safina


Kambini, Kasulu
7 Desemba 1997

Masenge,

Leo nimekuita kama tunavyoita kwetu, kwa sababu nina neno la kwetu la kukuambia. Shikamoo. Wote wazima. Mtihani nimemaliza. Habari za Baba hakuna, na nimeacha kuandika "bado".

Zambarau zilifika ndoo nzima. Niliwavua watoto mashati, nikaweka ndoo katikati, nikaketi, nikala. Sasa nakula tu, hata wakipita wazee. Baada ya muda mfupi kila ulimi ulikuwa wa zambarau, wanatoleana ndimi na kuogopeshana. Nilikuwa namwangalia Bucumi asimeze mbegu, sikumwona Niyibizi.

Alikuwa anatazama vidole vya wenzake. Vyote vilikuwa na wino, Masenge. Hakuna mstari, hakuna kijiko, hakuna aliyelia, na wino upo. Akaja kwenye ndoo. Akachagua moja, akaigeuza, akaileta kwenye kinywa changu. Miaka yote mimi ndiye ninayemlisha. Nikafungua, akanitilia. Akasubiri nitafune, akaniambia, "Fungua." Akachungulia. Aliporidhika akachovya kidole kwenye maji ya ndoo, akashika mkono wangu wa kushoto na kunipaka wino kwenye kidole cha mwisho. Kwa uangalifu, kama muuguzi.

"Umepata," akasema.

Kisha akala yake. Akakunja uso, maana zambarau inakausha ulimi. Nikajua sasa atasema neno lake. Akachukua nyingine. Akala hadi tumbo likawa gumu, akajipaka wino vidole vyote kumi, na akazunguka kuwapaka mama waliokuwa wamekaa. Wao wakampa mikono, hata yule aliyekuja kunicheka. Ilibidi kila mmoja ale kwanza. Bila kula hakupaki.

Tangu siku hiyo anakula maharage. Anakula papai. Dagaa ulionitumia anaanzia kichwani. Juzi mshale wa mizani umesogea, na muuguzi akaniita mbele ya foleni nzima aniulize nilimfanyaje. Niliongea, Masenge. Nilisimama nikaeleza kwa sauti, na Jumatatu atawaleta wasichana wa kambi ya pili wakae chini ya turubai langu waone.

Sasa neno lenyewe. Tangu Aprili nimekaa kimya kwa sababu sijui kumwambia mkubwa hapana. Ndugu yangu anajua. Kwa kuwa yeye ameanza kuliacha neno hilo, mimi nimeliazima: oya. Simtoi. Si kwamba kwako ni kubaya. Ni kwamba mimi nilidhani ninamlea kwa sababu hakuna mwingine, na sasa najua ninaweza.

Ukikasirika nitaelewa. Lakini Martini anasema kibali kile kinaweza kutumika kuingia pia, siyo kutoka tu. Njoo wewe. Ukifika usishangae utakapotiliwa kitu kinywani kabla hujasalimiwa.

Wako,
Candide


Ujiji
27 Desemba 1997

Candide,

Nimerudi salama kutoka kwenu kambini, Martini hakuzungumza njia nzima kwa kuogopa nitamwuliza nani alikuambia habari za kitanda. Abdulmajid anakusalimu. Ramadhani inaingia wiki hii, utuombee na sisi tutakuombea.

Barua yako ya "oya" niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nikaifunga. Nikaisoma tena nikasimama kutoka kwenye kigoda, sijui kwa nini, nikawa nimesimama tu katikati ya genge. Binti wa kaka yangu amenikatalia jambo, kwa maandishi, na sababu ametoa. Mama yangu angegeukia ukuta kwa mshtuko. Mimi nilitafuta mtu wa kumsomea.

Kitanda kilikuwa cha mwanangu Luqman. Alikuwa na umri wa Niyibizi homa ilipomchukua. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia hilo ungemtoa, kwa huruma, na mtoto hatolewi kwa huruma. Nilipomwona Niyibizi pale kambini akila embe hadi kwenye kokwa, akiligombania na Bucumi, niliona ni vema kwamba nilinyamaza.

Godoro nimelikunja. Juu ya chaga nimetandaza magunia, na maembe yenu yapo hapo sasa hivi, yamepangwa mstari, yanaiva. Lori la Januari litayaleta. Wale wasichana wa kambi ya pili nao wanahitaji kikapu chao, niandikie ukubwa wa kundi.

Wino wa Niyibizi bado upo kidoleni, ninaoshea vyombo mkono wa kulia ili usitoke upesi. Leo mteja ameuona nikimpimia ndizi. "Mama Safina, siku hizi na wakubwa wanachanjwa?"

Nimemwambia watu wa Ujiji bado. Ni sisi tu tuliofika kwa Mwalimu Candide.

Shangazi yenu,
Marcelina Safina